Kumwacha kocha wa mazoezi katika mji mnaojuana wote

Mtwara si Dar es Salaam. Kule ukichoka na kocha wako wa mazoezi unahamia jimu ya mtaa wa pili, habari imekwisha. Hapa kwetu ukimwacha leo, kesho mtakutana sokoni, keshokutwa mko mkeka mmoja msibani, na kabla wiki haijaisha mama yake atakuuliza mbona siku hizi huonekani kwa mwanawe. Aibu hiyo peke yake inawafanya watu waendelee kumlipa kila mwezi kocha ambaye moyoni walishaagana naye zamani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Wenzangu wameniuliza sana, hasa akina mama wa rika langu ambao daktari kawaambia wafanye mazoezi, wakaishia mikononi mwa vijana wa jimu: nimbadili au nivumilie? Naandika nilivyopita mimi, pamoja na pesa zilizonitoka, mtu achukue linalomfaa.

Mimi ni karani wa ghala. Korosho zikiletwa kutoka vyama vya msingi vya ushirika, kazi yangu ni makaratasi yake, na makaratasi hufanywa umekaa. Msimu ukifunguliwa Oktoba hatujui saa ya kutoka. Chakula cha mchana ni chipsi mayai juu ya meza ileile yenye stakabadhi, na soda ya kusukumia. Mwaka mmoja nilipima presha nikakutwa 150 kwa 95. Nikarudishwa kupima siku nyingine, na nyingine tena. Kipimo kimoja hakitoshi, hasa kama umeshuka kwenye bodaboda muda huohuo na umegombana na dereva kuhusu chenji. Namba haikushuka. Daktari akaandika dawa, akanikataza chumvi ya kuongeza mezani, akasema nijishughulishe dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kuhema lakini ambao bado unaweza kuongea. Hizo ndizo dakika za chini ambazo Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wazifikishe, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi.

Kocha nilimpata kwa mtoto wa dada yangu. Ni rafiki yake, kijana aliyepitia JKT, kifua kimejengeka, ana sauti ya kuongoza mchakamchaka. Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, vipindi vitatu kwa wiki, na jimu wanachukua 3,000 kila unapoingia. Alinisalimia "Shikamoo mama," nikaitikia, tukaanza.

Nimtendee haki. Tangu niache shule ya msingi sikuwahi kukimbia, labda mvua inanyesha na nguo ziko kambani. Huyu kijana alinitoa kwenye kiti. Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, simu inaita: "Mama, amka, niko hapa nje." Unakasirika, lakini unaamka. Tulitembea Ligula hadi Shangani, halafu tukaanza kukimbia vipande vipande pembeni ya bahari, upepo wa kusi unatusukuma. Nguo zikalegea. Presha ikaanza kusoma vizuri. Baba watoto akaniambia siku hizi sikoromi, ambalo nililichukua kama pongezi. Kama ningeandika wakati ule, ningeandika sifa tupu, na zisingekuwa uongo.

Yaliyonisumbua yalikuja kidogo kidogo, ndiyo maana yalinichukua muda kuyaona kama jambo moja. Kwanza niligundua kwamba mazoezi yangu na ya vijana wa mpira waliokuwa wanakuja saa ileile ni yaleyale. Wakiruka boksi, naruka. Wakibeba chuma na kuchuchumaa, nabeba na kuchuchumaa. Tofauti ni kilo tu. Alitupanga kama makuruta. Pili, nailoni. Alituambia tujifunge nailoni tumboni ili "mafuta yayeyuke," na katika joto la kaskazi hapa Mtwara, Desemba na Januari, hewa yenyewe unaweza kuikamua maji. Ukivua, nailoni inamwaga jasho kama mfuko wa samaki wa kugandishwa. Kwenye mizani unakuta umepungua kweli, lakini ni maji. Ukinywa vikombe vyako yanarudi. Mafuta hayayeyuki kwa kufungwa, wala hayatoki tumboni peke yake kwa sababu umefanya mazoezi ya tumbo mengi. Mwili unayachukua unakotaka wenyewe. Unachopata kwa hakika ni kuishiwa maji, na mwenye presha anayekunywa dawa za kutoa maji ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kujifunga nailoni.

Tatu ilikuwa simu. Siku moja nina chuma mabegani, yeye yuko pembeni anahesabu huku anajirekodi kwenye kioo kwa ajili ya mtandaoni. Sita. Saba. Nane. Akageuza simu apate mwanga. "Saba," akasema. Nikashuka na kupanda. "Nane." Mapaja yanatetemeka, nimebana pumzi, masikio yanavuma. Kubana pumzi ukiwa na mzigo kunapandisha presha ghafla. Mtu mwenye tatizo langu anatakiwa atoe pumzi wakati anasukuma na aivute wakati anashuka. Hilo niliambiwa baadaye na watu wengine. Yeye hakuwahi kulitaja, ingawa siku ya kwanza kabisa nilimwambia nina presha.

Halafu goti. La kulia, mbele, chini ya kifuniko. Lilianza kwenye ngazi, wakati wa kushuka tu. Kupanda hakuna shida. Nikimwambia ananijibu, "Vumilia mama, mwili unazoea." Na kweli kuna maumivu ambayo mwili huyazoea. Ukifanya zoezi jipya, siku moja hadi tatu baadaye misuli inauma pande zote mbili, ukiigusa inalalamika, halafu inapoa yenyewe. Maumivu ya kiungo si hayo. Yanakaa sehemu moja, upande mmoja, yanachoma ukikunja au ukikanyaga, na wiki ijayo bado yapo. Ukiona kiungo kimevimba, ukashindwa kukanyaga, au mkojo ukawa na rangi ya kola baada ya tizi kali, usimuulize kocha yeyote, nenda hospitali.

Wakati huohuo mizani ikasimama. Hapo ndipo wazo la kumwacha liliponijia kwa nguvu, na kwa kweli hiyo ilikuwa sababu dhaifu kuliko zote. Nilipokaa na kalamu nikajiuliza hasa kipi ni cha kocha na kipi ni changu, mizani ilikuwa yangu. Ulikuwa msimu wa shughuli, watoto wanatoka unyagoni na jandoni, kila mwisho wa wiki kuna sahani ya pilau yenye jina langu. Usiku nakula ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi kwa kiasi kilekile cha wakati sijaanza mazoezi, pengine zaidi, maana nilijiona nimestahili. Hakuna kocha anayeweza kulishinda sinia. Tena mwili uliopungua unatumia nguvu kidogo kuliko ulipokuwa mkubwa, kwa hiyo kusimama kwa mizani kunampata karibu kila mtu hata akiwa na kocha bora.

Jirani yangu mmoja hajalielewa hili. Mizani ikigoma tu, anahama. Kila kocha mpya anaanza naye upya, anampima upya, anamchukua pesa ya mwezi wa kwanza ambao kwa kawaida ni wa kujuana tu, na akianza kumjua, mama huyo hayupo. Kwake yeye ningesema atulie na yeyote kati yao kwa muda, wote wangemfaa.

Nilichokuwa nacho mkononi baada ya kutoa mizani ni goti, presha na ile simu. Nikaenda hospitali kitengo cha fiziotherapia. Mtaalamu hakunipiga picha yoyote. Alinikalisha, akabonyeza kuzunguka kifuniko cha goti, akanisimamisha juu ya kingo ya ngazi na kuniambia nishushe mguu mmoja taratibu huku ananiangalia. Goti likakimbilia ndani. Akaniambia hakuna kilichovunjika, misuli ya paja na ya nyonga ni dhaifu na nimepewa mirukio mingi mapema. Niache kuruka na kuchuchumaa chini kabisa na mzigo kwa sasa, nifanye mazoezi fulani ya nyonga na paja, nirudi polepole. Akayaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili kocha asome.

Nikampelekea. Akaisoma amesimama, akacheka, si kwa dharau, kicheko cha mtu aliyezoea. "Mama, hawa wa hospitali wanawatisha watu tu. Wao wenyewe hawajawahi kushika chuma." Akaikunja, akaitia mfukoni. Wiki iliyofuata boksi lilikuwa palepale na zamu yangu ikafika kama kawaida.

Wengi wangeondoka siku hiyo, na mtu akiondoka hapo sitamlaumu. Mimi nilitaka kwanza niseme naye, nisije nikaambiwa na mji mzima kwamba nimemnyima kijana riziki bila kumwambia kosa lake. Na kuna namna ya kusema. Mbele ya vijana wake ingekuwa kumvua nguo. Nilimsubiri amalize, tukakaa nje kwa muuza madafu, nikalipa mimi. Nikamwambia mambo matatu kwa majina yake: sitaruka hadi goti lipone, nataka mazoezi niliyoandikiwa yaingie kwenye kipindi, na nikiwa na chuma mabegani simu iwe mfukoni. Sikusema "sijisikii vizuri" wala "naona kama hatuelewani," kwa sababu maneno hayo hayamwambii mtu afanye nini kesho.

"Nimekuelewa mama. Samahani."

Na alijitahidi, lazima niseme. Simu ikapotea. Boksi akanisamehe. Lakini wenzangu walipokuwa wanaruka, mimi nilikaa kwenye benchi. Ile karatasi alikuwa nayo, akanielekeza zoezi la kwanza, akaliacha nusu, akaniuliza mimi, "Hapa wamemaanisha nini?" Siku nyingine akanipa baiskeli niendeshe tu mpaka wenzangu wamalize. Hapo nikaelewa nilichokuwa sijakiona kwa miezi yote: kijana hakuwa mkaidi. Hakuwa anajua. Alichofundishwa yeye ni kuwakimbiza vijana wenye afya, na hicho anakijua kweli. Mama wa makamo mwenye presha na goti hakuwahi kufundishwa, na hakuwa na wa kumuuliza. Ukaidi unaweza kuukemea ukaisha. Kutokujua hakukemewi, na kulipa 120,000 kila mwezi ili mtu ajifunzie kwenye goti lako ni ghali.

Hilo ndilo lililoniamulia. Kama angekuwa anajua ila ana simu mkononi, ningebaki.

Kabla ya kuendelea, kuna mambo ambayo hayahitaji dafu wala mazungumzo. Kocha anayekushika isivyo halali akisema anakurekebisha mkao, ondoka siku hiyohiyo; mwalimu mzuri anakuomba ruhusa kabla ya kukugusa, na mara nyingi anakuonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Anayekuambia uache dawa za presha au sukari kwa sababu "mazoezi yanatosha," ondoka. Anayekuuzia vidonge au chai ya kukata tumbo kwenye pakiti isiyoeleweka imetoka wapi, usinunue. Dawa halali nchini zinasajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na bidhaa ya kificho haina sababu njema ya kujificha. Anayekulazimisha uendelee huku kifua kinabana au kizunguzungu kimekushika, huyo hata deni lake la mwezi lisikuzuie.

Kumtafuta mwingine hapa ni kazi. Neno kocha halina mlinzi. Yeyote mwenye mikono mikubwa na filimbi anajiita hivyo. Wapo waliosoma, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Kwimba, Mwanza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo, lakini ukiuliza cheti hapa watu wanakuona una maringo. Nikaamua kuuliza kitu kingine kwa kila niliyeelekezwa: "Nina presha, nakunywa dawa, goti linauma. Kipindi cha kwanza tutafanya nini?" Mmoja alisema tutaanza na kamba. Mwingine alitaja bei kwanza na akaniambia nikilipa miezi mitatu kwa mkupuo ananipunguzia. Usilipe miezi mitatu kwa mtu usiyemjua, hata punguzo liwe tamu namna gani. Akiumwa, akisafiri au mkikosana, pesa hiyo kuidai ni ugomvi wa mwaka.

Wa tatu aliniuliza, "Dawa gani?"

Ni mwalimu wa michezo, mwanamke, anafundisha sekondari na jioni anawafundisha akina mama uani kwake. Hana mashine. Ana madumu aliyojaza mchanga, mipira ya tyubu za baiskeli aliyoikata na kuifunga, ngazi mbili za saruji na viti vya plastiki. Nikaomba kipindi kimoja cha majaribio kwa kulipia, na nakushauri ufanye hivyo kabla hujamwambia lolote kocha ulienaye. Nusu saa ya kwanza sikutoka jasho. Alinipima presha kwa mashine yake, akaandika kwenye daftari. Akaniambia nisimame na kukaa kwenye kiti bila kutumia mikono kwa sekunde 30, akahesabu, akaandika. Akasoma ile karatasi ya hospitali mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ambayo hata mimi sikuwa na majibu yake, akaniambia nikirudi hospitali niyaulize. Akanieleza kwamba zipo dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo kwangu kuhesabu mapigo kungetudanganya; tutapima kwa maneno. Nikiweza kuongea sentensi nzima ila siwezi kuimba, hapo ndipo.

Bei yake shilingi 150,000 kwa mwezi, vipindi viwili kwa wiki. Nyumbani waliniona kichaa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kocha wa kwanza ni 120,000, jumlisha 3,000 za mlangoni kila kipindi, kwa vipindi kumi na viwili inakuwa 156,000, yaani 13,000 kwa kipindi. Huyu ni vipindi vinane, mlango bure, inakuja 18,750. Kwa mwezi namlipa pungufu kidogo, kwa kipindi namlipa zaidi sana. Usilinganishe bei ya mwezi kwa mwezi kabla hujaweka nauli, kiingilio na idadi ya vipindi. Mimi nilikubali kwa sababu kwenye vile kumi na viwili, vingi nilikuwa nakaa kwenye benchi.

Nilitaka nimalize mwezi wangu wa zamani ndipo niage. Habari za Mtwara hazisubiri mwezi kuisha. Mtoto wa dada yangu akanipigia: "Mama mdogo, Kocha amesikia unafanya kwa madamu fulani. Ameumia." Nikachukua bajaji jioni ileile. Bora maneno yake ayapate kwangu yakiwa mazima.

"Kocha, mwezi huu ukiisha sitaendelea na vipindi vya jimu. Goti linahitaji mtu aliyesomea mambo yake. Lakini wewe ndiye uliyenitoa kwenye kiti, na hilo nalisema mbele ya mtu yeyote."

Alikaa kimya anafuta chuma na tambara ambalo halikuwa na cha kufuta. "Mama, ungeniambia mapema."

"Nilikuambia, Kocha."

Akacheka kidogo. "Kweli. Ile karatasi." Halafu akanikumbusha kwamba fulana ya jimu sijailipia, 15,000. Nikailipa palepale. Nakushauri ufanye kama hivyo: aga kwa mdomo, si kwa ujumbe wa simu, usimtaje mwenzake wala kumlinganisha naye, maliza madeni yote hata ya fulana, na usiombe kurudishiwa vipindi vilivyobaki kama ni vichache. Urafiki wa mji mdogo una thamani kuliko pesa hizo. Mama yake tulikutana msibani baada ya hapo, akanisalimia vizuri, akaniuliza goti.

Sasa msidhani niliingia peponi. Wiki za mwanzo kwa kocha mpya nilijuta. Hakuna muziki. Hakuna kelele za kukusukuma. Unashuka ngazi moja ya saruji kwa mguu mmoja, polepole, mara nyingi, mtu anaangalia goti lako kama fundi anayesikiliza injini. Nilirudi nyumbani sijachoka nikaona nimeibiwa. Nikawakumbuka hata wale vijana wa mpira na utani wao wa Kimakonde ambao nusu yake sikuuelewa. Uzito ukapanda kidogo. Mvua kubwa zilipoanza ua ukajaa maji na vipindi vikahamia sebuleni kwake, viti vimesukumwa ukutani na watoto wanachungulia. Naye ana ukali wake: ukichelewa dakika kumi, kipindi kinaisha saa ileile iliyopangwa.

Kilichonibakisha ni lile daftari. Kila kipindi anaandika presha kabla ya kuanza, zoezi, mzigo, idadi, na neno moja nililosema kuhusu goti. Ukifungua kurasa za nyuma unaona dumu la lita tano limekuwa la kumi, na neno "linachoma" limekuwa "kidogo," halafu nafasi tupu. Kwa kocha wa kwanza kumbukumbu zote zilikuwa kichwani kwake, na kichwa chake kilikuwa na watu arobaini. Hata kama humbadili kocha wako, nunua daftari uandike mwenyewe. Baada ya miezi miwili litakuambia kama ubaki au uondoke, na utakuwa na cha kuzungumza naye badala ya manung'uniko.

Ramadhani ilipoingia hakusema tusimamishe wala tuendelee kama kawaida. Tulihamishia vipindi baada ya tarawehe, vifupi, vyepesi, na maji nakunywa taratibu hadi daku. Akanituma kwa daktari kwanza nikaulize saa za dawa, kwa kuwa kuzipanga si kazi yake. Nilipenda hilo, kocha anayejua kazi yake inakomea wapi.

Hivi sasa nashuka ngazi za ghala bila kushika ukuta. Nikikaa mkekani muda mrefu goti linanikumbusha. Dawa za presha bado nakunywa, daktari hajaziondoa na mimi sijamwomba. Na Jumamosi asubuhi niko na kocha wangu wa zamani, kwenye kundi lake la jogingi linalokusanyika karibu na Uwanja wa Nangwanda Sijaona na kukimbia barabara ya Mikindani. Nachangia 1,000 ya maji, natembea pale wanapokimbia kwa kasi, na hakuna anayenipa boksi la kuruka. Kwa kazi hiyo ya kuwaamsha watu na kuwatoa nje, sijaona anayemzidi hapa mjini.

Kilichobaki ni Oktoba. Msimu ukifunguliwa sitaweza vipindi viwili, na mwaka uliopita kocha wa kwanza aliniita mvivu kwa hilo. Huyu ameniuliza natoka saa ngapi na kama ghalani kuna ngazi na kiti kisicho na magurudumu, akaniandikia robo saa ya kufanya palepale kazini, na kipindi kimoja tu Jumapili. Bei ndiyo tunavutana. Yeye anasema 90,000, mimi nasema 75,000.